Pikipiki ya rejeta inachemsha ikisimama, ikitembea inapoa. Nianze kupima wapi?

Mtundu250

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa pikipiki ya cc 250, silinda moja, injini ya kupozwa kwa maji, rejeta moja mbele na feni nyuma yake.

Ikitembea kuanzia kilomita 40 kwa saa kwenda juu, mshale wa geji unatulia katikati. Ikisimama kwenye foleni injini ikiwa inawaka, mshale unapanda mpaka unagusa nyekundu na taa ya onyo inawaka. Feni inazunguka, lakini inachelewa kuanza, mshale ukiwa tayari juu. Ikianza kutembea tena inapoa yenyewe.

La pili: chupa ya akiba inajaa hadi kumwaga, na injini ikipoa yale maji hayarudi kwenye rejeta. Asubuhi nikifungua mfuniko nakuta rejeta imepungua ilhali chupa imejaa. Haya yalianza baada ya kubadilisha kulanti (dawa ya kupozea injini), ambayo ilichanganywa nusu kwa nusu na maji ya bomba. Hakuna tone chini ya pikipiki. Oili ni safi, haina rangi ya maziwa.

Nimeshauriwa mambo matatu: kung'oa thamostati (vali inayofungua njia ya maji yakipata joto), kuweka maji matupu, na kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Kabla sijagusa kitu, nianze kupima nini?

SpanaKumi

Mkuu, usinunue kitu bado. Maelezo yako yanatosha kupunguza washukiwa.

Injini ya maji ikichemsha, angalia kwanza inachemsha wakati gani. Ikichemsha imesimama na kupoa ikitembea, kinachokosekana ni upepo kwenye rejeta: feni, waya zake, swichi yake ya joto, au mapezi (vibati vyembamba vya rejeta) yaliyozibwa na tope. Ikivumilia foleni lakini ikachemsha kwenye mwendo mkali au mlimani, maji hayazunguki ya kutosha: rejeta imeziba ndani, thamostati inafunguka nusu, impela (panga la ndani) ya pampu imelika, au mpira wa upande wa kunyonya umelainika hadi unajibana pampu ikivuta. Geji ikipanda mara tu baada ya kuwasha, na rejeta ukiigusa bado ni baridi, thamostati imeganda ikiwa imefungwa au kuna hewa kubwa ndani. Mshale ukirukaruka, juu sasa hivi, chini sasa hivi, ni viputo vya hewa vinavyopita kwenye sensa, au waya uliolegea.

Yako iko kundi la kwanza. Ila mimi ningeanza na ile dalili ya chupa, kwa sababu inawezekana kabisa ndiyo inayoizaa nyingine.

Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Ile kubwa yenye springi inashikilia shinikizo, kwa pikipiki nyingi kama 1.1 bar, na nyingine hufika 1.4. Maji yakipata joto na kutanuka, ziada inaisukuma vali hiyo na kukimbilia kwenye chupa. Katikati yake kuna kivali kidogo kinachofunguka upande wa pili: injini ikipoa, rejeta inavuta, na kivali kinaruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa. Kivali hicho kikiziba, au mpira unaokwenda chupani ukiwa na ufa, maji yanaondoka na hayarudi. Kila safari rejeta inapungua kidogo na nafasi yake inachukuliwa na hewa, ambayo inakaa juu.

Sasa tazama swichi ya joto ya feni imefungwa wapi. Kwenye rejeta nyingi iko upande, mara nyingi karibu na juu. Maji yakishuka chini yake, swichi inabaki kwenye hewa, na hewa haipeleki joto kwenye chuma upesi kama maji. Feni inachelewa, injini inazidi moto, maji mengi zaidi yanasukumwa chupani, na rejeta inazidi kupungua. Mzunguko huo unajilisha wenyewe.

Kagua hivi, injini ikiwa baridi kabisa:

Fungua mfuniko, tazama raba zake kwa mwanga mzuri. Raba ngumu, iliyopasuka au yenye alama ya kina ya mdomo wa rejeta haifai. Vuta kivali cha katikati kwa ukucha. Lazima kifunguke kwa urahisi na kirudi chenyewe. Kama unaweza kupata pampu ya kupimia mfuniko, ulowanishe kwanza kisha usukume hadi shinikizo lililoandikwa juu yake. Unapaswa kulishikilia kwa sekunde 6 angalau. Futa mdomo wa rejeta pia. Chokaa au kibonyo pale raba inapokalia vinauharibu hata mfuniko mpya.

Chomoa mpira mwembamba wa chupa, ziba ncha moja, uzamishe mpira kwenye maji na upulize ncha ya pili. Viputo vitaonyesha ufa ulipo. Usiunyonye kwa mdomo, kulanti ni sumu. Hakikisha pia kwamba ndani ya chupa mpira unafika chini. Ukiishia juu ya usawa wa maji, rejeta itavuta hewa siku zote.

Mfuniko mpya uwe na namba ileile. Kuna wanaopenda kupandisha, kutoka 1.1 hadi 1.6 au zaidi, wakidhani injini itapoa. Haipoi. Inachelewa kuchemka tu, na shinikizo la ziada linakwenda kwenye mipira, viungo vya rejeta na sili ya pampu.

PlagiNyeusi

Wakuu mnamzungusha huyu. Ang'oe thamostati, maji yapite muda wote. Injini haitapata nafasi ya kuchemsha.

FundiRehema

Hapana kaka PlagiNyeusi, hapo itabidi tupingane.

Thamostati za pikipiki zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 71 na 82 za Selsiasi, namba imepigwa muhuri kwenye bamba lake. Mtundu250 anachemsha zaidi ya nyuzi 100. Wakati huo thamostati nzima iko wazi kabisa, na kuing'oa hakuongezi njia ya maana. Kwamba injini inatulia ikitembea ni ushahidi kwamba maji yanapita.

Kuna na ubaya wake. Injini nyingi zina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta, kwa ajili ya kupasha injini moto haraka asubuhi. Kwenye baadhi yake, thamostati ikifunguka ndiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani, na injini inachemsha zaidi kuliko mwanzo. Zile zisizo na muundo huo zinabaki baridi mno: yenye sindano za mafuta inaendelea kuongezewa petroli kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, petroli inasafisha oili kwenye kuta za silinda, na unyevunyevu ndani ya oili haupati joto la kuufukuza. Silinda na ringi zinalika.

Ukiishuku thamostati, ipime. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, vyote viwili visiguse kitako, maana kitako kina moto kuliko maji. Pasha polepole huku unakoroga. Ianze kufunguka nyuzi chache tu kutoka namba iliyopigwa, na iwe wazi kabisa nyuzi 10 hadi 15 juu yake. Iliyo wazi ikiwa baridi, itupe. Ukiirudisha, angalia kitundu kidogo au kipini kinachochezacheza kwenye bamba lake: kinakaa upande wa juu, ndipo hewa inapopenyea wakati wa kujaza. Kikiwekwa chini, hewa inanasa nyuma ya thamostati na utahangaika bure.

Kuhusu maji matupu. Ni kweli maji yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko. Nusu kwa nusu ya ethilini glaikoli inabeba pungufu kwa kama asilimia 15. Lakini chini ya mfuniko wa 1.1 bar, maji matupu yanachemka karibu nyuzi 121, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu karibu nyuzi 129. Bila mfuniko unaoshika, mchanganyiko unachemka kwenye nyuzi 107 hivi na maji 100, na mwinuko ukiongezeka namba zote zinashuka, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Zaidi ya hapo, dawa za kuzuia kutu ziko ndani ya kulanti. Aluminiamu ya hedi (kichwa cha injini), rejeta na kasha la pampu havidumu kwenye maji matupu.

Penye joto na pasipo barafu, asilimia 30 hadi 40 ya kulanti inatosha na inapoza vizuri kuliko 50. Usishuke chini ya 30, dawa ya kutu inakuwa nyepesi mno. Penye barafu, baki na 50, inayohimili hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri.

Na yale maji ya bomba yatoe. Chumvi za kalisi zinaganda mahali penye moto zaidi, yaani ndani ya hedi karibu na vali ya kutolea moshi, na tabaka jembamba la chokaa linazuia joto kutoka kwenye chuma. Klorini nayo inatoboa aluminiamu. Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri. Angalia lebo tu: kuna chupa za namna hiyo ambazo ndani yake ni asidi ya betri.

WayaNaFyuzi

Mimi nachukua upande wa feni.

Kwanza kawaida ni ipi: feni nyingi huwaka kati ya nyuzi 98 na 105 na kuzima ikishuka nyuzi 5 hivi. Mshale kupanda kwenye foleni mpaka feni iwake, kisha kushuka, si ugonjwa. Taa ya onyo kuwaka kabla ya feni ndio ugonjwa.

Tafuta mfumo wako ni upi. Wa kwanza, swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta inaunganisha feni na bodi (chuma cha pikipiki). Wa pili, sensa moja inapeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini, na kompyuta inaamrisha relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme).

Kwa wa kwanza: injini baridi, ufunguo umewashwa, chomoa plagi ya swichi. Yenye waya mmoja, gusisha waya huo kwenye chuma cha injini. Yenye waya mbili, ziunganishe kwa kipande cha waya. Feni izunguke mara moja. Ikizunguka, basi mota, fyuzi na waya ni vizima. Kosa ni la swichi au la maji kutoigusa. Isipozunguka, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye plagi ya feni. Ikizunguka hapo, rudi kwenye fyuzi, relei na viungio vyenye kutu ya kijani. Ikikataa hata hapo, mota imekufa.

Kwa mfumo wa kompyuta, chomoa sensa ya joto injini ikiwa inawaka. Kompyuta nyingi zikiikosa sensa zinaiwasha feni kwa tahadhari. Sensa yenyewe ipime kwa mita: ukinzani unashuka kadiri joto linavyopanda. Usioshuka, au unaoruka, sensa ni mbovu.

Swichi ya joto haipimwi kwa maji ya kawaida, kosa linalofanywa na wengi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na swichi inaweza kuwa ya 102, kwa hiyo utaitupa iliyo nzima. Pasha kulanti ya nusu kwa nusu, kwenye sufuria ambayo haitapikiwa tena, mahali penye hewa. Tundika swichi izame hadi kwenye uzi wake wa skrubu tu, isiguse chuma. Weka mita kwenye kipimo cha kuonyesha kama umeme unapita. Ukikaribia joto lake, shikilia joto hilo kwa dakika 3 kabla ya kusoma. Ukipasha kwa pupa, utasoma namba ya uongo.

Jambo ambalo watu hawaliangalii ni mwelekeo. Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta upepo kutoka mbele. Waya zikigeuzwa, mara nyingi baada ya mota kubadilishwa, inazunguka kinyume na kusukuma hewa ya moto mbele, ikipigana na upepo wa mwendo. Masikio hayatagundua. Weka karatasi laini mbele ya rejeta feni ikizunguka: ivutwe na kunata.

Pima pia volti kwenye plagi ya feni ikiwa inafanya kazi, ulinganishe na volti za betri wakati huohuo. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungio kinachokula umeme na feni inazunguka kivivu.

Kuiunga izunguke muda wote, sikushauri. Kwenye mwendo upepo unatosha, mota inachakaa bure, na injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini alteneta ya pikipiki ndogo haina umeme wa kugawa, betri inashuka. Ukitaka swichi ya mkono ya dharura, iweke sambamba na ile ya joto bila kuiondoa, ipitie kwenye relei, na fyuzi ya ukubwa uleule wa feni iwe karibu na betri. Hivyo ukisahau kuiwasha, ile ya joto bado ipo.

SpanaKumi

Nilisahau kutoa hewa, na ndipo wengi wanapoharibu baada ya kubadilisha kulanti.

Pima kwa kikombe kile unachotoa na kile unachoingiza. Kitabu cha pikipiki kinaandika ujazo wa mfumo. Kikisema lita 1.2 na imeingia 0.9, lita 0.3 iliyobaki ni hewa, hata kama mdomo wa rejeta unaonekana umejaa.

Simamisha pikipiki mdomo wa kujazia uwe sehemu ya juu kuliko zote. Kwa nyingi ni kuinua gurudumu la mbele juu ya kitu imara. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa kwenye hedi, kasha la thamostati au pampu, ilegeze. Mimina polepole, kama uzi. Kwenye skrubu ikianza kutoka kulanti isiyo na viputo, kaza. Minya mipira yote miwili kwa mkono mara kadhaa, ongeza kinachoshuka.

Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache dakika 2 hadi 3, kisha piga resi fupi mara 3 au 4 hadi mizunguko 4,000 hivi. Usawa utashuka kila hewa inapotoka, ongeza. Usiisubiri ipate moto mfuniko ukiwa wazi, itakurukia. Zima, jaza hadi kwenye shingo, funga, weka chupa kati ya alama mbili. Endesha mpaka feni iwake angalau mara moja, iache ipoe usiku kucha, asubuhi kagua tena rejeta na chupa. Kupungua kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Ya pili, hapana.

Mtundu250

Wakuu, shukrani. Majibu ni haya.

Feni: nikiunganisha waya za swichi inazunguka papo hapo, karatasi inanata, tofauti ya volti ni 0.2. Swichi kwenye kulanti inafunga kwa nyuzi 102. Iko juu ya rejeta upande wa kulia, sentimita chache chini ya mfuniko.

Mfuniko: kivali cha katikati kimeganda kwa uchafu mweupe, raba yake imepasuka. Kutoka kwenye mfumo zimetoka lita 0.85 na kitabu kinasema 1.2. Nimeweka mfuniko mpya wa 1.1, nimejaza asilimia 40 na maji ya betri, nimetoa hewa kama alivyosema SpanaKumi, zimeingia 1.2 kasoro kidogo. Sasa feni inawaka mapema, mshale haugusi nyekundu, na chupa inarudisha.

Yamebaki mawili. Wakati wa kutoa hewa viputo vidogo vilitoka kwenye mdomo kwa muda. Nitajuaje kama si gasketi ya hedi iliyoungua, maana taa ya onyo iliwaka zaidi ya mara moja? Na mapezi ya rejeta, kama sehemu ya tano hivi yamelala kwa kupigwa na mawe madogo. Je, yananyooshwa?

FundiRehema

Viputo vya hewa iliyonasa vina mwisho: vinatoka, vinapungua, vinakoma, na usawa unashuka. Viputo vya moshi wa gasketi havikomi, vinaongezeka ukipiga resi, na usawa haushuki, pengine unapanda na kumwagika.

Pima asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Mfuniko wazi, jaza hadi shingoni, washa. Thamostati bado imefungwa, kwa hiyo maji yametulia. Viputo vikianza ndani ya sekunde za mwanzo na kuja kwa mpigo mmoja bila kuacha, ni moshi. Zima, funga mfuniko, washa tena, shika mpira wa juu: ukiwa mgumu kama jiwe kabla ya dakika kupita, wakati maji bado ni baridi, shinikizo hilo limetoka kwenye silinda, maana joto halijapata muda wa kulizalisha.

Uthibitisho unapatikana kwa dawa ya kupimia moshi kwenye rejeta. Ni kimiminika cha bluu, unavuta hewa ya mdomo wa rejeta ipite ndani yake, ikikutana na kabonidayoksaidi inageuka njano. Njia nyingine ni kuweka pistoni juu kabisa kwenye mpigo wa mkandamizo, kufunga gia na kushikilia breki ya nyuma ili isizunguke, kisha kupeleka hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi ya kuwashia moto na kutazama rejeta. Plagi yenyewe inasema kitu pia: ya silinda inayoingia kulanti huwa safi ajabu, kama imeoshwa.

Oili kuwa safi hakumwondoi mshukiwa. Gasketi inaweza kuungua kati ya silinda na njia ya maji bila kugusa njia ya oili.

Ikithibitika, usibadilishe gasketi peke yake. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari miwili. Vitabu vingi vinaweka kikomo kati ya milimita 0.05 na 0.10, fuata cha kwako. Hedi iliyopinda itaiunguza gasketi mpya mapema.

SpanaKumi

Mapezi yananyooshwa. Loanisha tope kwanza, osha kwa mpira wa maji wa nguvu ndogo kutoka nyuma kwenda mbele ili uchafu utoke kulikoingilia. Mashine ya kuoshea yenye shinikizo kubwa isisogee karibu, ndiyo inayolaza mapezi mengi kuliko mawe. Kisha bisibisi ndogo bapa, pezi moja baada ya jingine, bila kugusa mirija iliyo katikati yake. Mrija ukitoboka, kazi imekuwa nyingine. Vitabu vingi husema rejeta ibadilishwe mapezi yakiharibika zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo uko mpakani. Nyoosha, usiharakishe kununua. Wavu mwembamba wa kukinga mawe unasaidia, ila uusafishe, maana wadudu na majani wakijaa unageuka kuwa blanketi.

Ukiwa chini hapo, tazama kitundu kidogo chini ya kasha la pampu ya maji. Kimewekwa makusudi kati ya sili mbili. Kikidondosha kulanti, sili ya maji imechoka; kikidondosha oili, ni sili ya upande wa injini. Usikizibe kwa gundi. Ukikiziba, kinachovuja kitavuka upande wa pili, na hapo ndipo oili inapogeuka maziwa. Dawa za kuziba rejeta zinazomiminwa ndani nazo uziache, mirija ya rejeta ya pikipiki ni myembamba na haichagui kipi ni tundu na kipi ni njia.

PlagiNyeusi

Nimekubali kuhusu thamostati. Lakini kuna pikipiki zinazochemsha wakati maji, feni na rejeta ni vizima. Hizo je?

FundiRehema

Hizo joto linazalishwa kupita kiasi, kaka. Mchanganyiko wenye petroli kidogo, kwa mfano kabureta yenye jeti iliyoziba nusu au mpira wa kuingizia hewa uliopasuka. Taimingi iliyochelewa: moto unaendelea kuwaka wakati vali ya moshi inafunguka, ekzosi na hedi vinabeba joto lisilo lao. Oili iliyopungua au nyepesi kuliko kitabu kinavyotaka. Breki inayoshika: inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, lizunguke huru. Klachi inayoteleza, na cheni iliyokazwa mno. Anza na breki na cheni, ni ukaguzi wa dakika chache usiohitaji kifaa.

Na taa ikiwaka barabarani: toa mzigo, pandisha gia, punguza mafuta, tembea polepole ili upepo upite. Isiposhuka, simama kivulini, zima injini, na kama feni yako inafanya kazi injini ikiwa imezimwa, acha ufunguo umewashwa ili iendelee. Mfuniko haufunguliwi mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono na kuminyika. Hata nusu saa inaweza isitoshe. Maji baridi hayamiminwi kwenye injini ya moto, si ndani wala nje. Hedi inapinda au kupasuka.

Mtundu250

Jaribio la asubuhi: hakuna kiputo, mpira wa juu unabaki laini mpaka injini ipate moto. Swali la mwisho. Ile kulanti ya maji ya bomba ilikaa miezi kadhaa. Je, nioshe ndani kabla ya kuacha hii mpya?

FundiRehema

Osha. Ule uchafu mweupe ulioukuta kwenye kivali ni chokaa hiyohiyo, na nyingine bado imo ndani.

Mwaga, jaza maji ya betri matupu, toa hewa, washa mpaka thamostati ifunguke (rejeta itakuwa moto juu na chini), zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yanayotoka yawe maangavu kabisa. Mara 3 huwa inatosha. Usisahau chupa ya akiba, ivue uioshe. Chokaa ikiwa nene, tumia dawa ya kusafishia iliyoandikwa inafaa aluminiamu. Soda kali na asidi kali vinakula rejeta.

Kumbuka maji ya mwisho ya kuoshea hayatoki yote. Kama lita 0.2 imebaki injinini mwako, ukijaza mchanganyiko uliotayarishwa wa asilimia 40 utapata pungufu yake. Changanya mwenyewe: kwenye mfumo wa lita 1.2, asilimia 40 ni karibu lita 0.48 ya kulanti halisi. Mimina hiyo kwanza, umalizie kwa maji ya betri.

Chagua kulanti iliyoandikwa kuwa ni ya pikipiki au ya injini za aluminiamu, isiyo na silikati, kwa sababu chembe zake zinaweza kukwaruza sili ya pampu. Rangi usiifuate, ni rangi tu, kijani ya kampuni moja si kijani ya nyingine, na aina mbili zikichanganywa zinaweza kuganda kama uji. Baada ya hapo kila miaka 2, isipokuwa kitabu chako kiseme vingine. Boliti ya kumwagia ipate washa mpya, nayo ikazwe kwa N·m zilizoandikwa kwenye kitabu, kwa kawaida ni kama 10 tu. Uzi wa skrubu ndani ya aluminiamu unakatika upesi.

Ile unayomwaga ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, usiiache kwenye beseni. Ethilini glaikoli ni tamu, mbwa na paka wanailamba, na kiasi kidogo kinawaua.